Shimo la Nne

Cheka ukitaka, ila nilikuwa macho kabisa, tena ulikuwa mchana. Naandika kwa sababu kuongea mbele za watu siwezi. Shuleni hata nikijua jibu naangalia dawati. Lakini hili niamini.

Kwa bibi, Nkoaranga kule Meru, kuna gari la babu, la zamani, rangi ya maziwa. Babu alifia ndani yake kabla sijazaliwa. Mvua ilimkuta njiani, akapandisha vioo, akaacha injini inanguruma. Asubuhi wakamkuta kama amelala, midomo myekundu. Watu wakasema ni mbege, pombe yetu ya ndizi, ilimzidi. Bibi, asiyekosa ibada, akaishi na aibu hiyo hadi nywele zikawa nyeupe.

Mwaka huu Baba, fundi magari huko Moshono, aliamua kulifufua limpeleke dada kanisani siku ya harusi. Injini za namna ile zilikuwa na vibomba vya kupuliza hewa, vikiingia kwenye silinda hedi pale moshi unapotokea. Vibomba vilishaoza, kila silinda ikabaki na shimo lake, na shimo likiachwa wazi linatema moshi. Baba akayaziba kwa bolti. Moja, mbili, tatu.

"Mama, ngoja nioshe injini nione vizuri."

"Usithubutu!" Bibi alikuja mbio na mwiko mkononi. "Mikono ya mume wangu imo humo."

"Hii ni grisi tu, mama."

"Basi kaoshe grisi ya baba mkwe wako!"

Baba akacheka, akaweka tambara chini. Nani angebishana na mjane?

Siku ya harusi ukungu ulishuka, na manyunyu. Nikatumwa migombani kukata majani ya kupamba boneti. Kaburi la babu liko hukohuko. Pembeni yake alisimama mzee, koti refu la kahawia.

"Shikamoo," nikasema, macho chini kama kawaida yangu.

Kimya. Mzee gani wa kwetu haitikii marahaba? Nikainua macho. Baridi ilikuwa kali, mimi nikipumua natoa mvuke. Yeye hakutoa kitu. Na midomo yake, jamani, ilikuwa myekundu kama buni mbivu.

"Bado moja," akasema. "Nyuma, ukutani."

Akanitia bolti kiganjani. Ilikuwa ya moto! Nikaitazama, na nilipoinua kichwa, palikuwa na migomba tu.

Nikakimbia. Uani injini ilikuwa inanguruma, dada kashaingia na shela lake, vioo juu. Wageni wote wakanigeukia. Unajua ulimi unavyoganda?

"Majani yako wapi, binti yangu?" Baba akaniuliza.

"Mwacheni, anaona aibu kuliko bibi harusi," shangazi akasema, wakacheka.

Ndipo nikamwona dada kaegemeza kichwa kwenye kioo, kafumba macho.

"Zima!" Sauti ile hata mimi sikuijua. "Baba, zima gari!"

Wakamtoa dada, akatapika kwenye nyasi, akapata hewa. Baba akafungua boneti. Joto lilikuwa limeyeyusha grisi, na huko nyuma kabisa, karibu na ukuta unaotenga injini na viti, shimo lilikuwa linapumua moshi kuelekea ndani.

"Silinda nne," Baba akanong'ona. "Na mimi nimeziba tatu."

Nikampa bolti. Ikaingia kana kwamba imerudi kwake. Akaniuliza nimeitoa wapi, nikamweleza mzee na koti lile. Bibi akakaa kwenye tope na kitenge chake kipya.

"Ndilo tulilomzika nalo," akasema. Halafu, taratibu: "Kumbe hakulewa. Ni moshi."

Baba alipokaza spana mara ya mwisho, migombani ikasikika sauti ya mzee: "Marahaba." Sikusikia peke yangu. Bibi naye aligeuka.

Dada alifunga ndoa, alipelekwa na gari la jirani. Bibi aliiosha injini mwenyewe, kwa mafuta ya taa na brashi, akilia hadi ikang'aa. Hakuna aliyeiwasha tena. Mimi nina alama kiganjani, duara kama kichwa cha bolti, na ukungu ukishuka Meru, alama hiyo inapata moto. Siku hizo silali.

Kwa hiyo wewe mwenye gari la marehemu kwenu, ioshe injini kabla hujaiwasha, hata mjane akilia. Mashimo yapapase kwa kidole, macho hayatoshi. Na ukimwamkia mzee akakaa kimya, usimpite. Msikilize kwanza.