Jina Ilishindwa Kupita Chutes

Juzi niliona mutoto ya yaya, mukubwa wangu, anachora mutoni yetu. Juu akaandika Lualaba, chini ya chutes, pale maji inaporomoka juu ya mawe, akaandika Congo. Nikakumbuka ile muchana tulikuwa tunasubiri papa pale chini.

Papa alizama kule Ubundu, juu ya chutes. Ndugu yake, tonton, na wavuvi wenzake wakatoa vitunga vyao vyote vya kunasa samaki ndani ya maji. Mimi nilifikiri samaki imeisha. Leo najua hawakutaka papa anaswe kama samaki. Maji ilikuwa inapiga mawe, nguo zetu zinanuka moshi.

"Tonton, masomo ulikimbia?" nikamwambia. "Papa alianguka ndani ya Lualaba. Huku ni Congo, maji ingine. Hawezi kufika."

Kama hafiki huku, nilijiambia, basi iko muzima kule juu, anakausha nguo.

Tonton hakucheka. "Congo ni jina ya watu wa karibu na bahari, mutoto yangu. Ilipanda mutoni na mabwato ya wazungu, ikakuta haya mawe, ikabaki. Jina ndiyo ilishindwa. Maji inapita."

Nikageuzia chutes mugongo. Wavuvi walikuwa wanaongea, wanaongea, halafu wakaacha, wakaingia wote ndani ya maji kupokea papa.