Skrubu ya Mwisho ya Redio ya Shangazi

Hebu mwone anavyokuja. Mkono wa kulia ana sanduku la vifaa la bati, la bluu, lililobonyea ubavu mmoja. Mkono wa kushoto ana mfuko wa plastiki, na ndani yake joho jeusi lililokunjwa kama shuka la mtu aliyechelewa kazini. Ukimtazama vizuri utaona midomo inamcheza, maana anajisimulia mwenyewe njiani asije akasahau kitu. Muuza magazeti wa pale konani amemwuliza saa ngapi, naye akajibu, "Nzuri tu, na nyumbani?" huku anapita.

Huyo ndiye Fyuzi. Jina hilo hulikuti kwenye cheti chake. Alilipata akiwa na miaka kumi na tisa, kwenye karakana hiyohiyo anayoikimbilia sasa, kwa sababu ukimchokoza kidogo tu, anakatika. Leo ana thelathini na mmoja, na Jumamosi iliyopita amemaliza chuo kikuu. Uhandisi wa vifaa vya hospitali. Alianza masomo na watoto waliokuwa wakimwamkia, akavumilia, na mwaka wa mwisho hakukaa darasani kabisa. Alipangwa kwenye timu ya ukarabati, watu watano na gari moja lenye mlango usiofungika bila teke, wakazunguka zahanati baada ya zahanati wakifufua mashine zilizokata roho. Mwaka mzima hajakanyaga karakanani.

Sasa, pamoja na furaha yote hiyo, kifuani ana jambo. Kiongozi wa timu, mama mmoja asiyecheka ovyo, amemtaka abaki miaka miwili mingine, safari hii na gari lake mwenyewe na mafundi wawili chini yake. Atapiga simu leo saa tisa kamili kusikia jibu. Jibu la moyoni Fyuzi analijua. Anataka kwenda, anataka mpaka vidole vinamwasha. Lakini siku ile alipoondoka alisimama kwenye mlango wa karakana akasema kwa kinywa chake, "Mwaka mmoja tu, halafu mimi na nyinyi mpaka tuzeeke." Wenzake wakamwekea meza yake pale chini ya dirisha. Walikuja watu watatu kuitaka nafasi ile, wote wakarudishwa.

Na juu ya meza kuna rafu. Kila kifaa kilichowashinda wenzake walikipandisha pale na kukifunga kikaratasi kwa uzi: "Cha Fyuzi." Mwezi wa tatu wa safari walimtumia picha. Blenda nne, pasi, feni iliyovunjika shingo, redio mbili za watu, na ya tatu ya shangazi yake, dada wa baba, aliyemlea. Picha ile ilimkaa kichwani. Usiku kwenye vyumba vya wageni alikuwa akiiota rafu inapinda kwa uzito.

Saa saba na nusu akaingia.

Wenzake ni wawili. Friji ni jitu la mtu, fundi wa majokofu, anayefanya kila kitu taratibu, hata kupiga chafya. Mama Pacha anazungushia mota zilizoungua waya mpya, na ulimi wake unazunguka kuliko mota zenyewe. Wakakumbatiana watatu kwa pamoja, sanduku la bati likambana Friji mguuni, akavumilia. Mama Pacha akapokea ule mfuko na kulitoa joho kabla hata hajamkaribisha mgeni kiti, akalivaa juu ya aproni yake yenye grisi.

"Hili la kuazima, linarudi Jumatatu," Fyuzi akasema. "Halafu mwenzenu nina habari, jamani, kuna zahanati moja..."

"Dada mhandisi, kaa," Friji akamkatiza. "Na mdomo nao ukae."

Fyuzi akakumbuka. Sheria ya karakana: aliyebaki ndiye anayeanza kusimulia, aliyesafiri anangoja. Sheria hiyo aliileta yeye mwenyewe, miaka sita nyuma, siku Friji aliporudi kutoka kazi ya wiki tano ugenini. Friji alisimulia habari za kitanda cha hoteli kwa saa mbili nzima, godoro, mito, mpaka swichi za taa, ndipo akagundua kwamba Mama Pacha, aliyemwacha mjamzito, amekaa mbele yake na mtoto kila paja.

Basi Fyuzi akakaa, mikono katikati ya magoti, jicho moja kwenye saa ya ukutani. Akasikia habari za feni arobaini za shule, zilizofungwa zote zikizunguka kinyumenyume. Akasikia paa lilivyovuja na jinsi Mama Pacha alivyolala na mwavuli juu ya mota za mteja. Pacha wameanza shule, na mmoja kati yao amemwambia mwalimu kwamba mama yake anafanya kazi ya kufungua vitu. Kisha ikaja ya Friji, na Mama Pacha ndiye aliyeisimulia, maana mwenyewe alikuwa anatazama viatu vyake. Kuna muuguzi alileta jokofu lake karakanani mara tatu. Halikuwa na ubovu wowote. Mara ya tatu Friji, kwa mwendo wake uleule, akamwuliza kama shida kweli ni jokofu. Harusi ni mwaka huu.

Fyuzi alicheka mpaka akafuta macho. Lakini huku anacheka, saa inasogea, na jicho la pili lilikuwa kwenye rafu. Walikuwa wameifunika shuka. Akajisemea kwamba imejaa hadi wanaona aibu kumwonyesha. Ataanzaje kuwaambia watu waliomngoja na mzigo kama ule kwamba amekuja kuaga?

Saa nane na dakika arobaini Mama Pacha akainuka, joho likimburuta nyuma, akalivuta lile shuka.

Rafu ilikuwa tupu. Ilibaki redio ya shangazi peke yake.

"Vingine viko wapi?" Fyuzi akauliza.

"Kwa wenyewe. Vinafanya kazi."

"Nani kavitengeneza?"

"Wewe," Friji akasema. "Kwa mdomo."

Ikabidi wamweleze. Kila Jumapili Fyuzi alikuwa akiwatumia ujumbe wa sauti kwenye simu, dakika kumi, dakika ishirini, akiwachekesha tu na mambo ya njiani. Kumbe wao walikuwa wanauweka mezani na kuusikiliza wakiwa na kazi mkononi, mara ya pili, mara ya tatu. Ule wa mashine ya joto ya watoto njiti, alivyoigawa saketi nusu kwa nusu mpaka kosa likakosa pa kujificha, Mama Pacha aliusikiliza mara saba. Mara ya saba akapanda kiti akashusha blenda ya kwanza. Wiki iliyofuata ikashuka pasi. Ukutani, kwa kalamu nene, aliandika maneno ya Fyuzi yaleyale: gawa nusu, pima, nusu iliyo nzima iache.

Fyuzi akayasoma. Alipaswa kuruka kwa furaha, na kweli ilianza kumpanda. Lakini katikati kitu kikamchoma kidogo. Mwaka mzima amebeba rafu ile kichwani, kumbe rafu yenyewe ilishajishusha.

"Kwa hiyo hamnihitaji," akasema, na fyuzi ikawa karibu kukatika.

"Nani kakuambia tunakuhitaji?" Mama Pacha akamjibu. "Tunakutaka. Ukae hapo, utukoroge, umseme Friji anavyotembea. Tumekuwekea meza kwa ajili ya vyombo sisi?"

Hapo ndipo ilipokuwa ngumu zaidi. Angewakuta wamekwama, angeweza kusema atakuja mwisho wa mwezi kuwasaidia. Sasa hakuna cha kusaidia. Kilichobaki ni kwamba wanampenda.

"Zamu yako," Friji akasema. "Safari."

Alikuwa na masimulizi ya siku tatu, ameyapanga toka kituoni. Lakini kilichotoka kwanza ni simu ya saa tisa. Aliwaambia yote, gari, miaka miwili, mafundi wawili chini yake, na kwamba anataka kwenda, na kwamba anajua alichokisema mlangoni siku ile.

Mama Pacha akavua joho. Akalikunja vizuri, tofauti na lilivyokuja, mikono ndani, kola juu.

"Hilo gari," Friji akauliza, "mlango wake unafunga?"

"Bado sijaliona."

"Litazame kwanza ndipo ukubali."

Mama Pacha akaliweka joho mezani, mezani kwa Fyuzi. "Mimi nina moja tu," akasema. "Jumapili. Utaendelea kutuma?"

"Nitaachaje?"

"Basi nenda. Usitutazame hivyo, nenda. Hapa tulikuwa tunajiuliza utaanza lini kusema, umeitazama saa kuliko ulivyotutazama sisi." Akaishusha redio ya shangazi na kumwekea mbele yake. "Ila fanya kilichokuleta. Hii imepona tangu mwezi uliopita. Shangazi yako amekataa kuichukua, anasema uliifungua wewe ukiwa na miaka tisa, basi uifunge wewe. Tumekuachia skrubu moja."

Ilikuwa kwenye kifuniko cha soda, skrubu fupi, nyeusi, kichwa kimelika kwa miaka ya kufunguliwa na kufungwa. Fyuzi akaichukua kwa ncha za vidole. Akafungua sanduku la bluu kutafuta bisibisi inayoiweza, na simu ikalia hapohapo. Saa tisa kamili. Mama yule hacheki wala hachelewi.

"Ndiyo," Fyuzi akasema, kabla hata ya salamu. Kisha akasalimia.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumzuia. Aliwasimulia zahanati ambayo kwa miezi miwili kila mtoto alizaliwa na kilo tatu na robo, wauguzi wanasifu chakula cha wajawazito, kumbe mshale wa mizani ulikuwa umenata. Aliwasimulia mtambo wa kuchemshia vifaa uliokuwa ukivuja mvuke kwa mluzi kila siku saa saba mchana. Alipouziba, hospitali nzima ikamnunia, maana mluzi ule ndio uliokuwa kengele yao ya chakula. Aliwasimulia usiku aliolala chumba cha mitungi ya oksijeni, na jinsi jina lake la chetini lilivyosomwa ukumbini akabaki amekaa, mpaka shangazi akapiga kelele kutoka nyuma, "Fyuzi, ni wewe!" na ukumbi mzima ukapiga makofi kwa jina lisilo lake. Friji akalivaa joho. Likaishia kiunoni. Wakapiga picha hivyo hivyo.

Jua lilikuwa limeshuka alipoondoka, sanduku mkono wa kulia, joho mkono wa kushoto, anapungia nyuma bila kutazama mbele. Muuza magazeti alisogeza meza yake mapema.

Asubuhi Mama Pacha akafungua karakana na kuiwasha redio ya shangazi. Inaimba safi. Akaigeuza. Nyuma ina skrubu tatu, na tundu moja liko wazi. Friji naye akachungulia, akatafuta chini ya meza kwa taratibu zake, hakuna. Basi akachukua kile kikaratasi cha "Cha Fyuzi", akakifunga tena kwa uzi uleule, akairudisha redio rafuni.

Skrubu yenyewe iko kwenye sanduku la bluu, ndani ya kijisehemu cha kwenye mfuniko wake, Fyuzi anamowekea vitu asivyotaka vipotee, na sanduku limeshapanda gari. Mama Pacha amekaa na simu mkononi, kidole kiko juu ya jina la Fyuzi. Ungekuwa ni wewe, ungempigia kumwambia amesahau?