Niigizie Baba

Mdomo wangu hauna adabu, huku Mwika wananijua. Padri akimaliza misa, mimi nikifika tu nje namwiga: "Wapendwa taifa la Munguuu, paa bado linavuja." Kwaya nzima hoi. Namwiga mwenyekiti wa kijiji, namwiga jirani akifukuza kuku, hata kuku wenyewe. Mtu mmoja tu sikuwahi kumwiga tangu tumzike hapa kihambani, kwenye migomba yetu. Mwanangu.

Alikuwa anapandisha wageni mlimani. Siku hiyo alimshusha mgeni aliyezidiwa, akamfikisha mzima, halafu mapafu yake yeye yakajaa maji. Mtoto wake wa kike alikuwa bado anatambaa.

Mtoto huyo sasa yuko sekondari mjini Moshi, bweni, shule ile ile aliyosoma baba yake. Kila likizo wimbo ni ule ule: "Bibi, watu wote unawaigiza. Niigizie baba."

"Nenda kakate majani ya ng'ombe," namwambia.

Juzi shule ikaita wanafunzi wa zamani wanaofanya kazi za porini, waje jioni wawaeleze watoto. Na mimi nikaitwa, nimwakilishe marehemu. Nikavaa kitenge cha Pasaka. Mimi ambaye dawati nalijua kwa kulifuta vumbi tu, nikawekwa mbele kabisa.

Akasimama bwana misitu, anaongea kama anachambua maharage: "Msitu... ni... uhai." Akaja mama mmoja anayefuatilia tembo, ananong'ona utafikiri wamelala nyuma ya pazia. Nikamgeukia mjukuu wangu, nikanong'ona vile vile: "Usikohoe, wataamka."

"Bibi, nyamaza bwana!" Lakini mabega yanamtikisika.

Wa mwisho alikuwa rafiki wa mwanangu, wamesoma pamoja, wamepanda mlima pamoja. Amekuwa mnene siku hizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Huo mlima bado unaupanda, au sasa unautazama tu?"

Ukumbi ukacheka, na yeye akacheka. Halafu akasema taratibu, "Mama, sisi wote ulikuwa unatuigizaga tukija kwako kula kiburu, ndizi zako na maharage. Leo tuigizie yeye. Alivyokuwa anaamsha wapagazi."

Nikatikisa kichwa. Mjukuu wangu akaniwekea mkono gotini. "Mara moja tu, Bibi."

Watu walidhani nilikuwa nakataa kwa uchungu. Niliogopa. Niliogopa nikifungua mdomo nikute hayumo.

Nikasimama, nikashika kiti. Nikakohoa kwanza, kama yeye. "Haya wazee wangu, amkeni! Chai imeiva, mlima haujahama! Nani kalala na soksi zanguuu?"

Sauti ikaja. Kwa pua kidogo, na mwisho ule anaouvuta.

Yule mnene akajifunika uso na kofia. Huko nyuma mwanamume mmoja akasema, "Ni yeye. Jamani, ni yeye." Watu wazima wanalia.

Nikamgeukia mtoto. Alikuwa anawatazama wanaolia, mmoja mmoja, halafu akanitazama mimi, anatabasamu kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni.

"Ndivyo alivyokuwa?"

"Ndivyo."

Akawatazama tena wale wanaolia. Halafu: "Nilidhani nikiisikia nitaikumbuka."

Kesho yake shule ilikuwa inafunga, wakaniruhusu niondoke na mtoto jioni ile ile. Yule mnene akatupandisha na gari lake. Tulipopita Himo giza lilikuwa limeingia. Mtoto akasema, "Rudia, Bibi." Nikarudia. Akasema tena, nikarudia tena, na hapo nikasikia ni mimi, kikongwe tu anayebana pua. Nikaacha, nikasema koo limekauka.

Basi akaanza mwenyewe, kidogo kidogo, uso dirishani: "Haya wazee wangu, amkeni..."

Haikufanana hata kidogo. Mwenye gari akapunguza mwendo. Na mimi sikumsahihisha.