Kipimo Kimemrudisha Baba, Mama Keshaolewa

Mimi ni mwanamke wa miaka 39, mama wa watoto wawili, nakaa Magomeni na nauza zipu na vifungo Kariakoo. Jina langu lifichwe jamani, maana mafundi cherehani wateja wangu wote wamo humu, na midomo yao naijua.

Baba yetu aliuza viatu vya mitumba Mchikichini tangu biashara hiyo iliporuhusiwa. Miaka minne iliyopita alipata kiharusi. Mwili ulipona, ila akawa anapiga kelele, anarusha sahani, anatoka nje bila nguo. Daktari akampa dawa ya kumtuliza. Kumlea kukatushinda, tukampeleka nyumba ya wazee, nyuma ya Mnazi Mmoja. Mlioanza kunitukana endeleeni, mwenyewe nimeshajitukana kuwapita nyie. Kila alipopiga kelele, mimi ndiye niliyewaambia manesi, "Muongezeeni dozi." Akatulia kweli. Akawa wa kulishwa na kubadilishwa, macho ukutani, ukimwita haitiki.

Mama alikwenda kila siku kumsomea Yasini. Mwaka ukapita, ukapita wa pili, baba hajageuza hata shingo. Kisha akatokea mwanamume mmoja wa Tanga aliyefiwa na mkewe, mtu wa heshima zake. Mama akaenda kwa kadhi kuomba ndoa ivunjwe. Mimi ndiye niliyefuatana naye, nikaeleza kwa kinywa changu kwamba baba hamtambui mtu yeyote. Ndoa ikavunjwa. Mama akakaa eda, ikaisha, akaolewa. Pilau ya harusi nilipika mimi na sikuona vibaya, mama naye ni mtu.

Mwaka huu akaja daktari mmoja kijana na jambo jipya. Alitukusanya sisi ndugu wa wazee, akasema anataka kupima vinasaba vya kila mzee, ajue mwili wa nani unaiweza dawa ipi. Wengine waligoma. Watoto wa bibi mmoja Mwarabu walisema, "Hapa zitafumuka siri za nani baba yake nani." Tukacheka. Mimi nikasaini, liwalo na liwe. Wakampitisha baba kijiti cha pamba ndani ya shavu, basi.

Majibu yalipotoka daktari akaniita. "Dada, hii dawa mwili wa mzee hauwezi kuivunja. Inarundikana tu. Huku kuzubaa kwake kote, sehemu kubwa si ugonjwa. Ni dawa."

Nilikaa chini sakafuni.

Wakampunguzia taratibu, wakamwanzishia nyingine. Wiki ya sita nilifika nikasema, "Shikamoo baba," kwa mazoea tu. Akajibu, "Marahaba. Mbona umekonda hivyo?" Nililia mpaka nesi akaja mbio akidhani mzee amekata roho.

Sasa anakula mwenyewe, anabishana mpira na wenzake. Na anamuulizia mama. Nilisema amesafiri. Nikasema miguu inamsumbua. Jumapili iliyopita akanishika mkono.

"Mwanangu, mimi nilikuwa namsikia akinisomea Yasini. Ulimi ndio haukunyanyuka. Siku sauti yake ilipokoma nikajua. Amefariki, eti? Mnaogopa kuniambia."

Nilinyamaza. Naapa sikusema ndiyo, lakini nilinyamaza, na yeye akachukua kimya changu kuwa ndilo jibu. Akainua mikono akamwombea dua mama yangu, ambaye asubuhi ile ile tulikuwa tumeongea kwenye simu.

Mdogo wangu wa kiume anasema, "Dada, mwache aamini hivyo hivyo. Kufa hakuna aibu." Mama nilimweleza, akalia, akakata simu. Tangu hapo hapokei. Simlaumu, hakufanya kosa lolote. Baba naye hakufanya kosa. Aliyesema "muongezeeni" ni mimi, na aliyesema mbele ya kadhi ni mimi.

Ijumaa baba anaruhusiwa, anakuja kukaa kwangu. Ameniomba jambo moja tu: tukitoka pale, kabla ya kufika nyumbani, nimpitishe makaburini akaone alipolala mkewe. Nimwambie ukweli nimuue, au nikamsimamishe kwenye kaburi la nani? Mwenye neno aniambie haraka jamani, leo ni Jumatano.