Ukuta Aliouondoa Shangazi

Mnisamehe kwa mwandiko wangu, na pale nitakapokosea herufi. Nimeishia shule ya msingi, na huandika taratibu. Kusema mbele ya watu naona haya, ndiyo maana nimechagua karatasi.

Mdogo wangu unayetaka kufungua duka, haijanitoka siku niliyokwenda kujaribu gauni langu la harusi katika duka jipya la shangazi yangu, Bi Zuhura, karibu na Darajani. Harusi ilikuwa imekaribia, na kwetu biharusi haonekani ovyo. Nilikwenda nimejifunika uso.

Nyuma ya pazia nikavua buibui, nikavaa gauni, mabega wazi.

"Toka ujitazame," shangazi akaniita. "Humu hamna mwanamme."

Nikasimama mbele ya kioo kikubwa cha ukutani. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Humo kiooni niliwaona wanaume waliokaa kwenye baraza ya ng'ambo ya njia, mmoja kashika kikombe cha kahawa, hanywi. Ikiwa mimi nawaona, na wao wananiona.

"Fungeni mlango!" mzee mmoja wa pale barazani akapiga kelele, kageuza uso.

Nikaanguka sakafuni. Mchumba wangu anakaa mtaa ule ule. Je, wakwe watanitaka tena?

Shangazi akampigia simu msanifu majengo aliyemchorea duka. Alipofika nilikuwa nshajifunika, nimejibanza pembeni.

"Duka gani hili, baba? Mwari wa watu kaanikwa njiani!"

"Shikamoo, Bi Zuhura. Ukuta wangu uko wapi? Ule wa mbele ya mlango, mtu akiingia auzunguke kwanza."

"Khaa! Nilimwambia fundi asiujenge. Unanilia nafasi, nguo ntatundika wapi?"

Akashika kichwa. "Sikuuchora kwa pambo. Niliuchora kwa huyu." Akaninyooshea mkono bila ya kunitazama.

Jioni shangazi akaenda mwenyewe kwa wakwe kueleza. Mama mkwe akamwambia, "Binti yangu yule ana kosa gani? Waone haya waliokodoa macho." Nikaolewa. Ukuta nao ukajengwa.

Basi, mdogo wangu, mwite msanifu mapema. Mweleze nani ataingia dukani mwako na atafanya nini humo. Akichora kitu usichokielewa, muulize kabla hujakiondoa. Mungu akujaalie duka ambalo mwanamke ataingia na stara yake, na atoke nayo.

Nanyi mnaosoma, niandikieni. Maduka ya kwenu yamejengwaje?