Kivuli cha Tipa

Siku yangu ya kwanza kwenye ujenzi wa barabara, pale Kangundo mwanzoni mwa miaka ya tisini, nyapara alinikabidhi koleo na onyo moja. "Tipa ikirudi nyuma, dereva haoni kitu. Kama humwoni kwa kioo, jua hata yeye hakuoni." Na lori hilo la tipa hurudi nyuma kutwa nzima, maana kila shehena ya murram, udongo mwekundu wa changarawe, humwagwa pale iliyotangulia ilipoishia. Turniboi, yaani utingo, ndiye aliyekuwa macho ya dereva. Alisimama nyuma na kugonga bodi kumwashiria asimame.

Nilipopelekwa Katangi nilikuwa tayari opareta wa greda, mashine ya kusawazisha udongo. Jua la huko halina huruma. Fomeni aliamuru miti yote ya kando ikatwe, hata ile isiyomzuia mtu. Tukaomba kibanda cha kulia chakula.

"Hiyo kibanda ni ya nini?" akasema. "Leo mko hapa, kesho mko mbele. Mtaibeba kwa kichwa?"

Basi watu wakawa wanakula kwenye kivuli cha matipa yaliyoegeshwa. Nilimwambia fomeni kwamba mtu ataumia. Akaniambia niendeshe greda yangu.

Mchana mmoja Musyoka, mshika bendera wetu wa kuongoza magari, alikuwa ameketi nyuma ya tipa na mkebe wake wa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Turniboi alikuwa ametumwa maji. Dereva akaitwa upesi, akapandia upande wa pili, akawasha na kurudi nyuma. Tulipiga mayowe, injini ikayameza. Miguu yote miwili ilisagwa.

Injinia wa mradi alifika jioni kutoka Machakos mjini. "Nani alimwambia akae nyuma ya gari?" Hakuuliza lingine. Fomeni akajibu kwamba Musyoka alilala kazini, na hivyo ndivyo inavyosemwa hadi leo. Wiki iliyofuata mabati yakaletwa, tukadhani tumesikilizwa. Kibanda kikasimamishwa, na gari la injinia likaegeshwa ndani.

Nimestaafu sasa. Matipa ya siku hizi hulia yakirudi nyuma, nanyi vijana mnavaa jaketi za kung'aa. Ni vizuri, lakini mimi sijasamehe. Majuzi nilimtembelea Musyoka kwake. Mwanawe, ambaye ni mtu mzima sasa, alinivuta pembeni.

"Mzee, ni ukweli baba alikuwa amelala?"

Nilimjibu kwa sauti, ili na babake asikie: hakulala. Alikuwa anakula.