Mlango wa Kanisa Niliouchomelea

Shemeji yangu aliinua nondo anipasue kichwa, na mtu aliyeweka mkono wake juu ya fuvu langu alikuwa shehe. Tulikuwa mlangoni pa kanisa.

Najua inasikika kama uongo wa kijiweni. Tulieni niwape yote.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti, vitanda vya chuma, madirisha, chochote. Ukija na adabu nakuhudumia, ukija na kiburi nakutimua, hasira zangu ziko karibu sana. Mlango wa chuma wa kanisa la mtaani kwetu na nondo za madirisha yake yote nilizifunga mimi.

Kanisa lile limepakana na msikiti mgongo kwa mgongo. Ni ukuta mmoja tu wa tofali unaozitenga nyumba hizo mbili.

Mchungaji wa pale, mama mfupi asiyejua kunyamaza, alikuwa ameanzisha na shehe kamati ya kupinga ubaguzi. Kila Alhamisi wanakaa, wanajadili, wanakunywa chai. Mimi nikawapa jina la Kamati ya Chai, na mtaa mzima ukacheka.

Walikuwa na sababu. Kulikuwa na watu waliohamia kwetu kutoka ng'ambo ya milima, weusi kutuzidi sisi, na mtaani wakaitwa Makaa. Makaa hapangishwi nyumba nzuri. Makaa akikaa kwenye benchi, watu wanainuka. Hata msikitini, shehe alishawahi kusimamisha swala kwa sababu mtu mmoja alikataa kugusana bega na Makaa.

Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye aliyekuwa kinara wa chuki hiyo. Mkubwa wa mwili, mdomo kuuzidi mwili.

Basi asubuhi moja mlinzi wa ghala akakutwa ameuawa. Polisi hawajafika, mtaa umeshahukumu. Ni Makaa.

Wa kwanza kukamatwa alikuwa muuza viatu. Walimburuta kutoka kibandani wakampiga kwa matofali mpaka uso ukapotea. Nilikuwa nimesimama karakanani kwangu na nikaona kila kitu. Sikwenda kumsaidia, siwadanganyi.

Waliobaki wakakimbilia kanisani, wanawake, watoto, wazee. Mchungaji akawaingiza, akapiga komeo kwa ndani.

Haikupita muda shemeji akaja kwangu na kundi lake, mapanga mkononi, mashati yana damu. Akasema mlango ule nimeutengeneza mimi, basi nikaukate mimi. Nikajaribu kusema mashine mbovu. Akaniwekea panga shingoni, akauliza kama na mimi nimekuwa Makaa.

Wakabeba jenereta yangu na mashine, mimi nyuma kama mbuzi wa machinjioni.

Njiani nikapata akili. Watu wale hawakuwahi kushika kazi ya chuma. Kwao cheche ni cheche, hawajui kutofautisha kukata na kuunga.

Nikawaambia wageuze nyuso, ule mwanga unapofusha. Wakageuka wote, wauaji wazima wanaogopa kuumwa macho. Nikavaa ngao yangu ya uso, nikawasha, nikaanza kuuchomelea mlango kwenye fremu yake. Upande wa komeo, upande wa bawaba, juu, chini. Cheche zinaruka, wao wanashangilia. Nilijua kwa mlango ule watahangaika mpaka polisi wafike.

Moyoni nikajiona mjanja kuliko watu wote duniani.

Nikamaliza. Shemeji akauvuta, haukutikisika. Jamaa mmoja akaweka mtaimbo, ukapinda. Kisha akainama, akapapasa pale chuma kilipokuwa bado chekundu, akaungua kidole.

"Huyu hajakata. Huyu ameunga."

Sikumbuki nani alinipiga kwanza. Nakumbuka teke la mbavu na ladha ya damu. Walivunja jenereta kwa nyundo, wakapasua mashine, nyaya zikatawanyika kama matumbo. Nondo ya kwanza ya shemeji ilinikuta mgongoni. Ya pili ilikuwa ya kichwa.

Hapo ndipo shehe alipotokea na wanaume wa msikitini, hawana hata fimbo. Akanilalia. Nilisikia mfupa wa mkono wake ukivunjika sikioni kwangu, na yeye hakuondoka. Wenzake wakajipanga mbele ya mlango bega kwa bega, wakapigwa, akianguka mmoja mwingine anaziba nafasi.

Shehe akaninong'oneza, ameuma meno kwa maumivu, kwamba nivumilie, vijana wake wengine wanabomoa ukuta wa msikiti.

Kumbe Kamati ya Chai ilikuwa imeshapanga siku hii. Wakivamiwa wa upande mmoja, wa upande wa pili wabomoe ukuta.

Lakini kundi halikusubiri. Mlango umegoma, wakaleta petroli. Wakamimina kwenye madirisha, kupitia nondo nilizozifunga mimi, wakatupa kiberiti.

Ee Mungu wangu. Pale ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nimewaokoa kwenye panga nikawafungia kwenye moto.

Vilio vikatoka ndani. Halafu mkono wa mwanamke mzee ukatokeza dirishani katikati ya moshi, na sauti ikamwita shemeji kwa jina la utotoni, lile ambalo mama yake tu ndiye hulitumia.

Mama mkwe wangu. Alfajiri alikwenda kuwapikia uji watoto wa Makaa, akakimbilia nao kanisani. Hakumuaga mtu, mimi mwenyewe sikujua.

Shemeji aligeuka akawa mtu mwingine. Akanikamata shati, mtu ambaye sasa hivi alitaka kuniua.

"Kata. Nakuomba shemeji, kata. Mama yumo ndani."

Nikamwonyesha jenereta yangu, chuma chakavu kwenye matope.

"Nikate na nini? Mmevunja."

Akaupiga mlango kwa mabega, kwa kichwa. Akashika chuma cha moto mpaka ngozi ya viganja ikabaki pale. Kundi lake likaanza kuyeyuka, mmoja mmoja, likamwacha.

Mimi na wale wa msikitini tukakimbia kuzungukia upande wa msikiti, shehe mkono unaning'inia. Sururu zilikuwa zimeshatoboa ukuta. Kupitia tundu lile watu walikuwa wanatoka wakikohoa, wanalazwa kwenye mikeka ya kuswalia. Mchungaji alikuwa akisukuma watoto kutoka ndani, nywele zimeungua.

Mama mkwe akatoka amebebwa mgongoni na mzee mmoja wa Makaa, mfagiaji wa lile kanisa. Mtaa mzima tulimjua kwa fagio, si kwa jina. Akamlaza chini taratibu, akamtengenezea kanga miguuni, akasema kuna mtoto amebaki chini ya benchi.

Akarudi ndani. Mtoto akasukumwa nje kwenye tundu. Kisha paa likashuka, yeye hakutoka.

Shemeji alifika akiwa amekunja viganja vyake vya nyama tupu. Akapiga magoti kwenye mkeka, akalia, akamwambia mama yake, mwanao nipo hapa.

Mama mkwe alimtazama. Aliongea taratibu, sauti imekauka kwa moshi.

"Mwanangu ni yule aliyerudi ndani."

Akageuza uso ukutani. Hakumsemesha tena siku ile, wala alipokwenda jela, wala mpaka tulipomzika mama mwenyewe. Kwa wosia wake tulimlaza kando ya kaburi la yule mfagiaji, na shehe na mchungaji walisimama wote wawili kuomba dua.

Mlinzi wa ghala? Polisi walimkamata muuaji. Mtu wetu, wa mtaa wetu, rangi yetu hii hii.

Wewe unayemcheka jirani kwa rangi yake, endelea tu. Siku moshi ukikujaa kifuani hutauliza mgongo unaokubeba ni wa nani.